Bango lako usiliandike "ligi"

Tanga

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, hofu ni kwako na kwa hilo goti ulilosema limevimba tena. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kucheka. Uwanja umepata, waamuzi umepata, jezi za zawadi umenunua, halafu unakwama kwa neno moja la kwenye bango la mpira wenu! Vijana wako wanataka "tonamenti", mzee wa kamati kashikilia "ligi", na wewe roho yako iko kwenye "mashindano". Ngoja nikusimulie hilo neno la mzee lilivyonitia aibu.

Mwaka juzi mtaani kwetu tuliandika "Ligi ya Mbuzi". Timu 12, kila timu ada ya shilingi 20,000, na beberu mwenyewe kafungwa chini ya mwembe tangu siku ya kwanza ili watu waone hatudanganyi. Siku ya pili timu moja ikalala mbili bila. Nikamwendea nahodha wao, nikamshukuru kwa kushiriki. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Katibu, bango linasema ligi. Ligi gani ya mechi moja?" Nikajitia kubishana, lakini moyoni nilijua kijana kanishika. Kwenye ligi ukifungwa leo, wiki ijayo unarudi. Kila timu inakutana na kila timu, mwisho zinahesabiwa pointi. Sisi tulikuwa tunacheza mtoano: ukifungwa unakunja jezi. Ada yake nilimrudishia palepale, watu wanaangalia, na mfukoni mwangu zilitoka.

Kwa hiyo kabla ya neno, piga hesabu. Umesema timu 16, uwanja mmoja, mechi moja kwa siku kati ya alasiri na magharibi. Mkicheza ligi, hata ya mzunguko mmoja tu, ni mechi 120. Miezi minne, sahibu! Hizo jezi za zawadi zitaliwa na panya. Mkicheza mtoano ni mechi 15, kwa sababu kila mechi inamtoa mmoja, na wa kutolewa ni 15 mpaka abaki bingwa. Mwaka juzi timu zetu 12 zilimaliza kwa mechi 11, ila nne zilivuka raundi ya kwanza bila kucheza, na hapo napo maneno hayakukosekana.

Kama unataka kila timu icheze zaidi ya mara moja, fanya walivyofanya kwenye CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, makundi kwanza kisha mtoano. Lakini hiyo nayo ina uchungu wake, na wewe Mkenya hujasahau Agosti 2025. Kwenye makundi mliifunga Morocco bao moja bila, mkamaliza kileleni. Robo fainali mkatolewa na Madagascar kwa matuta, yaani penalti, pale pale Kasarani. Siku hiyo hiyo, tarehe 22, Morocco ikatutoa na sisi Watanzania uwanja wa Mkapa, bao moja. Ulinipigia simu usiku tukabaki tunapumua tu. Na kombe likachukuliwa na nani? Na hao hao Morocco mliokwisha kuwafunga, wakawachapa Madagascar 3-2 kwenye fainali. Ingekuwa ligi, ushindi wenu ungebaki na thamani yake mpaka mwisho. Hiyo ndiyo tonamenti wanayoitaka vijana wako.

Neno "tonamenti" lenyewe lina asili ya vurugu. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, kwenye kitenzi cha kugeuka, maana zamani ilikuwa ni michezo ya mashujaa wa Ulaya waliopanda farasi na kuviziana kwa mikuki, farasi wakigeuzwa huku na kule. Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa alikufa kwayo mwaka 1559, baada ya kibanzi cha mkuki kumwingia jichoni. Kwenu naomba yaishie kwenye goti.

Na hilo lako, "mashindano", ni zuri ila ni pana mno. Kuna mashindano ya kuhifadhi Kurani, ya ngalawa, ya insha, ya kupika pilau. Mtu akiliona bila mpira pembeni hajui aje na njumu au na sufuria. "Michuano" lina jasho zaidi, lakini huku kwetu limezoea redio. Sijasikia mtu mtaani akisema anakwenda kwenye michuano. Watu husema wanakwenda kwenye ndondo, au kwenye mbuzi. Ndiyo, "leo kuna mbuzi", na kila mtu anaelewa. Ikiwa ni ya siku moja na ndani yake kuna kuvuta kamba na kukimbia na magunia, hiyo ni bonanza. "Ligi" nayo siku hizi vijana wetu wameipa kazi nyingine: ukibisha sana unaambiwa "acha ligi". Mwambie mzee wa kamati hivyo, uone atakavyokuangalia.

Mimi ningeandika "Kombe la Jezi", herufi kubwa, na chini yake "mashindano ya mtoano, timu 16". Neno "mtoano" lisikose, hata kama mchoraji atalalamika nafasi ni finyu.

Na kwa kuwa kwenye mtoano hakuna kuagana sare, anzeni mechi mapema, saa kumi kamili. Fainali yetu ilikwenda matuta magharibi imeshaingia. Tukapanga bodaboda nne nyuma ya goli, taa zimewashwa, kipa akawa anawaona wapigaji vizuri na wapigaji wamepofuka. Penalti tano za kwanza zilipaa zote. Beberu alipata mwenyewe saa mbili usiku.

Nijulishe siku ya droo nije.

Wasalaam,
Nduguyo, Katibu