Msiwatishe watu na helmeti za laki nne

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu bei za helmeti za baiskeli, maana watu wanatishwa bure. Juzi mdogo wangu kaenda dukani kutafuta ya kuendea kazini, muuzaji akamwambia ile ya elfu sitini ni ya kuchezea tu, kama anapenda uhai wake achukue ya laki nne. Dogo hana laki nne. Akatoka mikono mitupu na kesho yake kaingia barabara ya Bagamoyo kichwa wazi kati ya daladala na malori, na hicho ndo kinachoniuma.

Ukiigeuza helmeti ukaangalia ndani, kinacholinda ubongo ni lile povu gumu jeupe, la aina ileile wanayofungia TV mpya kwenye boksi, kazi yake ni kubonyea na kupasuka ili kishindo kiishie hapo kisifike kwenye fuvu. Lipo kwenye ya bei rahisi, lipo kwenye ya bei mbaya. Na kama ina stika halali ya viwango vya usalama, iwe EN 1078 ya Ulaya au CPSC ya Marekani ambayo kule ni sheria tangu 1999, basi ina maana helmeti ya namna hiyo imeangushwa juu ya chuma na kupimwa, hao CPSC wanaiangusha toka mita 2, na kipimo hakibadiliki eti kwa sababu hii ni ya elfu sitini na ile ya laki nne.

Hela ya juu inalipia wepesi, matundu ya hewa, rangi na jina la kampuni. Matundu kwa joto hili la Dar ni kitu kizuri sibishi, mwenye hela anunue. Cha maana zaidi ni kile kitandiko cha MIPS walichobuni Sweden, kinaacha helmeti iteleze kidogo ukianguka kiupande, maana ubongo unaumia sana ukizungushwa ghafla, lakini hata hicho siku hizi kipo kwenye za kawaida. Chuo kikuu cha Virginia Tech kule Marekani wanapima helmeti na kuzipa nyota, Specialized Align II iliyokuwa inauzwa kama dola 50 ikapata nyota 5, na kuna za ghali kuliko hiyo zilipata pungufu.

Muuzaji angemwambia dogo aivae kwanza bila kufunga mkanda, atikise kichwa, ikicheza ajaribu saizi nyingine, mbele ikae vidole viwili juu ya nyusi siyo kisogoni. Na angemwambia akae mbali na za mtumba, maana ikishapigwa chini vibaya mara moja povu limeshabonyea na nje huoni kitu.

TBS, shirika letu la viwango, nao nawaomba wapite madukani wakague hizo stika, maana yenye stika feki ni hatari hata ikiuzwa laki nne.

Mwendesha baiskeli,
Tegeta, Dar es Salaam