Wi-Fi si bundles, harusi yetu inaonekana hata kama sijalipa

Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya wiki jana ya kuhifadhi picha na video za familia na mengi nakubali, lakini mwandishi alifika mwisho akasema dawa ni moja tu, ulipe kila mwezi uwekewe huko kwa mtandao. Hapo nikaweka gazeti chini nikasema aah, hii lazima nijibu. Mimi naishi Umoja, niko na watoto watatu na mama mkwe, na video zetu zote kuanzia kaseti za 1998 ziko kwa diski moja iko juu ya kabati hapa sebuleni, kila mtu anaziangalia kwa simu yake, na kwa mwezi silipi mtu hata ndururu.

Wacha niwaambie siku nilielewa vile hii kitu inafanya kazi. Ilikuwa katikati ya mwezi, mshahara uko mbali, faiba, yaani intaneti ya nyumbani, imekatwa juu sijalipa, watoto wamenuna nyumba nzima ati hakuna Wi-Fi. Kidogo kidogo tunasikia mama mkwe kwa kiti chake anacheka peke yake, simu mkononi. Kijana akamwuliza, shosho, bundles umetoa wapi? Akajibiwa, bundles gani, mimi naangalia harusi ya baba yako. (Mimi sikutajwa, lakini hayo tuyaache.)

Watu wengi hapa Nairobi wanadhani Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja na ndiyo maana tunaliwa pesa. Rauta iko na kazi mbili, kuna ile ya kukutoa nje kwa intaneti na kuna ile ya kuunganisha vitu vya hapo ndani kwa nyumba. Ni kama ploti, caretaker akifunga geti usiku huwezi toka kwenda stage, lakini hakuna anayekuzuia kubisha mlango wa jirani uombe chumvi. Kampuni ikinikata inafunga geti tu. Simu ya shosho bado inaongea na diski kupitia rauta bora stima iko, na hiyo video haitoki nje ya nyumba kwa hivyo haili bundle ya mtu.

Vyombo si vya kutisha. Nilichukua kompyuta ndogo ya mtumba, eks-UK, pale barabara ya Luthuli mjini mwaka wa 2022, nikaweka diski ya terabaiti 2, nikaichomeka kwa rauta na kebo, nikafungulia foda ya video ili simu za nyumbani zione. Kwa simu ni VLC tu, programu ya bure ya kuchezea video, unaingia pale kwa mtandao wa nyumbani, jina la kompyuta linajitokeza, unaweka paswadi mara moja na foda hizo hapo. Baadaye kijana aliweka Jellyfin kwa kompyuta, programu ambayo pia ni bure, inapanga video na picha zake mbele kama duka la sinema, shosho akapenda juu hasomi majina, anagusa sura anayoijua.

Kazi yenyewe ilikuwa kaseti. Ile ya harusi ilikuwa VHS, na kameramani wa enzi hizo mnamjua, dakika kumi za kwanza ni keki na maua ya plastiki. Fundi wa River Road alikuwa ametugeuzia ikawa DVD miaka mingi iliyopita, na ukifungua DVD kwa kompyuta unapata vipande vipande vya gigabaiti moja moja, viko kwa MPEG-2, mtindo wa zamani ambao simu nyingi hazitaki kuuona. Simu yangu ilitoa sauti ya kwaya na giza. Basi nikadaunlodi HandBrake, programu ya kugeuza video, nikazigeuza zikawa mp4 ya mtindo unaoitwa H.264, hiyo hata katululu ya smartphone inacheza. DVD moja kompyuta ilikesha nayo usiku mzima, lakini gigabaiti 4 na kitu zikarudi moja na kidogo na macho yangu hayakuona tofauti.

Tofauti niliyoona ni nyingine. Mashangazi walipoanza kucheza mikono yao ikawa na meno kama kichana, kila mtu akisonga anakatika mistari. Nikadhani kaseti imeoza. Kumbe TV za zamani zilikuwa zinachora picha nusu nusu, kwanza mstari wa 1, 3, 5, halafu 2, 4, 6, na simu ikizichora zote mara moja aliyesonga anaonekana yuko mahali pawili. HandBrake iko na kichujio cha kuondoa hiyo maneno, niliwasha nikarudia kazi yote, usiku mwingine huo. Sasa mashangazi wanateleza kama siagi. Na DVD zenyewe sikutupa, ukigeuza video unapoteza kidogo na huwezi kurudisha.

Za simu za siku hizi ziko na shida yao, ni nzito. Dakika moja ya 4K, ile video kali zaidi ya simu, inaweza kula megabaiti 170 mpaka 350 kulingana na mtindo wa kurekodi. Bwanangu alirekodi ruracio (sherehe ya mahari) ya dadake yote hivyo, na ukiifungua kwa Jellyfin kwa simu ya zamani kompyuta inabidi iigeuze hapo hapo wakati unaangalia, feni inalia kama posho mill na kwa simu ni kile kiduara kinazunguka tu. Nikatengeneza nakala ndogo ya kuangalia na ile kubwa ikabaki ya kumbukumbu, kelele ikaisha. Chumbani ndio bado ilikuwa inakwama, hapo makosa yalikuwa ya Wi-Fi, kwa flati yetu simu inaona majina ya rauta zaidi ya ishirini na zote zinang'ang'ania masafa ya gigahezi 2.4, ambayo iko na njia tatu tu zisizogongana. Tukahamia yale ya gigahezi 5, ikawa sawa, ingawa hiyo nayo ikikutana na ukuta wa mawe inachoka haraka, kwa hivyo rauta ikatoka nyuma ya TV ikapanda juu ya kabati.

Sasa kuna mafundi, na hapa nimekasirika kidogo. Shemeji yangu yuko Mombasa, naye akataka kuona, fundi mmoja akaja akafungua mlango kwa rauta, wao wanauita poti, ili mtu aingie kutoka nje, akalipwa akaenda, na paswadi akaacha ile ya kiwandani. Baada ya wiki kijana akaangalia rekodi za kompyuta akapata watu wa huko duniani wanajaribu paswadi usiku kucha. Na ndani ya diski hiyo kuna mtoto wangu akiogeshwa kwa beseni! Tulifunga siku hiyo hiyo. Saa hii tunatumia Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyetu kwa njia ya siri kupitia intaneti, ni simu tulizozikaribisha wenyewe tu ndizo zinaingia, na shemeji anaona bila mlango kuachwa wazi. Mtu akikuambia atafungua poti kwa rauta mwulize anaifunga namna gani kabla hujamtumia M-Pesa.

Mwandishi wenu mahali alikuwa sawa ni kwa kusema kitu kimoja hakitoshi. Usiku ule wa Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, kompyuta ilikuwa katikati ya kunakili, iliporudi kukawa na foda nzima haifunguki. Ilikuwa ya Krismasi, na bahati nilikuwa na nakala kwa flashi. Tangu hapo kuna diski ya pili kwa kaka yangu Thika, kila nikienda naibeba narudi nayo imejaa. Lakini kulipa kila mwezi maisha yote? Google Photos ilikuwa inabeba bila kikomo kwa ubora wa kupunguzwa mpaka 1 Juni 2021, ikabadilika, sasa bure ni gigabaiti 15 na unazigawana na imeili zako. Ruracio peke yake haiingii.

Ombi langu kwa wasomaji, nimebaki na kaseti mbili, ya ubatizo wa 2001 na nyingine haina jina, zimeshika ukungu mweupe kwa ukingo wa tepu na fundi wa River Road hana tena deki ya VHS inayofanya kazi. Anayemjua fundi wa kusafisha tepu hapa Nairobi na aliye na deki nzima, tafadhali aandike hapa gazetini.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi