Klore ya maji ya ziwa: nusu saa haitoshi

Bwana Mhariri,

Kwenye vituo vya kutilia klore kandokando ya Ziwa Kivu hapa Goma, mama mwenye bidoni yake huambiwa angoje nusu saa ndipo anywe. Nusu saa hiyo ni ya Shirika la Afya Duniani, ila ina sharti linalosahaulika njiani: klore iliyobaki isipungue miligramu 0.5 kwa lita, na pH ya maji (kipimo cha uasidi, kinachopanda uasidi ukipungua) iwe chini ya 8. Maji ya juu ya Kivu yana pH ya 9 na kitu.

Klore majini huwa na sura mbili zinazogeuzana bila kukoma. Ya kwanza, asidi ya hipoklorasi, hupenya ganda la kijidudu upesi. Ya pili, ioni ya hipokloraiti, ina chaji hasi, ganda huisukuma, kazi yake ni hafifu sana. Kwenye pH 7.5 zinagawana nusu kwa nusu, kwenye 6.5 asidi ni asilimia 91. Kwenye 9 inabaki asilimia 3 tu.

Kinachodanganya wapimaji ni kidonge cha DPD, kile cha kupimia klore iliyobaki majini. Maji yanageuka waridi, unalinganisha rangi, unaandika 0.5. Kumbe kidonge huhesabu sura zote mbili: kinapotumia asidi, msawazo, yaani kule kugeuzana kwa sura mbili, huleta nyingine kutoka kwenye hipokloraiti hadi zote ziishe. Na ile fenoli nyekundu ya kupimia pH kwa kawaida huishia 8.2. Maji ya ziwa yanagonga rangi ya mwisho, mtu anaandika 8.2, mambo yanaonekana karibu na sawa. Tumieni karatasi ya pH inayofika 10 au zaidi.

Msawazo huohuo ndio msaada wetu, maana hipokloraiti ni akiba: asidi ikiliwa, nyingine inazaliwa. Inataka muda. Gramu 15 za HTH (klore ya unga) ya asilimia 65 hadi 70 katika lita moja ya maji hutoa dawa mama ya karibu asilimia 1. Vuta mililita 4 kwa serengi, tia katika bidoni ya lita 20: ni miligramu 2 kwa lita. Funga, tikisa, weka kivulini saa moja nzima, kisha pima. Ikishuka chini ya 0.5, ongeza mililita 1 na ungoje upya. Maji ya matope yachujwe kwanza, la sivyo klore yote itaishia kwenye uchafu.

Na mtu asishauriwe kukamua ndimu ili kushusha pH. Bikaboneti ya ziwa humeza matone hayo bila pH kutikisika, na maji ya ndimu yenyewe hula klore. Asidi ikiingia kwenye chupa ya dawa mama ni hatari kabisa: hutoka gesi ya klore, inayochoma mapafu.

Mvua ya kwenye bati ina mambo yake. Chini ya moshi wa Nyiragongo huweza kuwa na asidi, na klore humo hufanya kazi upesi. Lakini floridi ya volkano haiondoki kwa klore wala kwa kuchemsha.

Tunaomba kila kituo kiandike ubaoni pH ya asubuhi hiyo, kando ya dakika za kungoja.

Walimu wa kemia, Goma