Hilo gari usilipie kwanza

Hamisi ndugu yangu,

Mbukwenyi. Sisi huku wazima, watoto wazima, Nkuhungu vumbi lile lile, na upepo wa juzi umeng'oa bati la jiko la nje, ila hilo nitakusimulia siku nyingine. Nimeziona simu zako tatu za jana. Sikupokea makusudi. Nimeona niandike, maana kwa simu ungenikatiza kwa kicheko kabla sijafika penyewe, halafu ningepata nafasi ya kunyamaza.

Ni kuhusu zile picha ulizonitumia. Ile Toyota IST ya rangi ya fedha, inauzwa hapa Dodoma, Area C, milioni tisa na laki mbili, na wewe ukaniomba niende nikaikague kwa niaba yako kwa kuwa mimi "najua magari". Sina haja ya kwenda kulikagua. Nalijua. Lilikuwa langu.

Namba wameziba kwa gazeti, lakini hebu tazama picha ya nne, mlango wa nyuma wa kushoto, chini ya kitasa. Kile kibonyeo ni kreti ya zabibu iliyomponyoka Ezekieli siku tunatoka Hombolo. Na kile kitundu kando ya redio nilikitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto, nikitafuta pa kushikiza simu. Wewe umelipanda mara moja tu, usiku, tukitoka kwenye ule msiba wa Kongwa, ukasema viti vyake vitamu. Sikulaumu kwa kutolikumbuka. Kingine: mimi nililiuza likisoma kilomita 186,000 na ushee. Kwenye picha yako linasoma 98,000. Gari limerudi ujana, Hamisi, sisi ndio tunazeeka.

Sasa nikwambie kilichomo ndani, ukimaliza unitukane.

Kwenye aina ya injini hawajakudanganya. Ni 1NZ kweli, silinda nne, cc 1,496, valvu 16, VVT-i (ule mfumo unaorekebisha muda wa valvu kufunguka), nguvu ya farasi 109. Zipo IST nyingine za 2NZ, cc 1,298, farasi 87. Tundu la silinda ni lile lile la milimita 75 kwa zote mbili. Tofauti ni safari ya pistoni, hii inakwenda milimita 84.7, ile 73.5. Kwa mtu kama wewe, anayepakia matenga ya kuku na mama mkwe kwa mpigo mmoja, 1NZ ndiyo yako, ile ndogo utaionea huruma kila mlima. Vipuri havisumbui, maana injini hiyo hiyo utaikuta kwenye Probox, Raum, Fun Cargo na hata Premio za cc ndogo. Na haina belti ya taimingi, ina cheni.

Hapo kwenye cheni ndipo nilipoponzwa. Fundi Sudi aliniambia siku ya kwanza kwamba cheni haina tarehe ya kubadilishwa kama belti. Mimi nikaelewa kwamba haiguswi, na injini nzima nikaiweka kwenye fungu hilo. Kumbe cheni hiyo inakazwa na tenshona inayosukumwa na oili. VVT-i nayo inaendeshwa na presha ya oili hiyo hiyo, inayopita kwenye kichujio kidogo mno, kinachozibwa na tope. Na injini yote inabeba lita 3.7 tu ukibadilisha na filta. Ikipotea moja na nusu, umebakiwa na mbili na ushee tu. Mimi nilikuwa nabadilisha oili nikikumbuka. Kuna wakati nilifika kilomita elfu kumi na mbili, na nilijisifu kwa kubana matumizi.

Mwezi wa nane mwaka jana nampeleka mama mkwe Manyoni. Bahi tumepita vizuri, Kintinku tumesimama tukanywa soda, tukaanza kuupanda mlima wa Saranda. Kwenye kona ile taa nyekundu yenye picha ya kibirika ikapepesa, ikazima, ikapepesa tena. Nikasema ni waya. Mama mkwe, ambaye hajawahi kushika usukani, akauliza kwa upole, "Baba, hicho kibirika kinadai nini?" Nikaegesha. Nikachomoa stiki ya oili, nikawa sina kitambaa, akanipa pembe ya kanga yake. Nikafuta, nikachovya, nikachomoa. Kavu. Kwenye ncha palikuwa na doa moja tu, jeusi kama lami, linanuka kuungua. Na sikuwa na tone la oili chini wala kwenye injini, maana yake haikuvuja, ililiwa. Tukamtuma bodaboda, akarudi na lita mbili za oili ya pikipiki. Nikamimina hiyo hiyo, nikaomba Mungu, tukafika. Kanga ile sijailipa hadi leo.

Sudi aliniambia ni ugonjwa unaojulikana kwa injini za ukoo huu, hasa zilizocheleweshewa oili. Ringi za chini za pistoni, zile za kukwangua oili, zinaganda kwa kaboni, na vitundu vya kuirudisha oili chini vinaziba. Oili inabaki ukutani mwa silinda, inapanda juu na kuungua pamoja na petroli. Ndiyo ule moshi wa bluu. Akaniambia tena kwamba bloku ni ya aluminiamu yenye slivu nyembamba za chuma, kiwandani haikukusudiwa kuchongwa kuongeza ukubwa, kwa hiyo kama ukuta wa silinda nao umelika, wengi wanatafuta injini nyingine iliyotumika na kufunga. Nikauliza bei. Nikanyamaza.

Hapa ndipo naomba usiache kusoma. Sikubadilisha ringi, na injini sikununua. Nilitia oili nzito, 20W-50, badala ya 5W-30 yake, na chupa moja ya dawa ya kuzuia moshi. Moshi ukatulia karibu wiki tatu. Ndani ya hizo wiki tatu nikaliuza kwa dalali kwa milioni tano na nusu. Nilimwambia linakula oili kidogo. Lile neno "kidogo" nililisema kwa nguvu kuliko mengine yote.

Nilijipa moyo kwamba litakwenda mbali, Tunduma huko, kwa mtu nisiyemjua. Kama ungekuwa si wewe, sijui kama ningeandika. Hilo nalo limenikosesha usingizi, si gari peke yake. Na mama mkwe tangu siku ile ya mlima ananiuliza, "Gari lilipona?" Nikamwambia lilipona.

Basi. Kama bado unataka IST, na mimi bado naamini ni gari zuri kwa barabara zenu, tutafute nyingine. Usimpigie muuzaji kumwambia unakuja, wataipasha moto kabla hujafika. Fika alfajiri, shika boneti kwanza, liwe baridi. Chomoa stiki mwenyewe. Fungua kifuniko cha kutilia oili, utazame chini yake kama kuna tope la kahawia au gamba. Halafu mtu mmoja awashe, mwingine asimame kwenye ekzosi na karatasi nyeupe. Sauti ya cheni ikikwaruza sekunde moja kisha ikanyamaza, hiyo inavumilika. Ikiendelea kama mtu anatikisa sahani kapuni, ondoka. Moshi wa bluu kidogo asubuhi tu, kisha basi, mara nyingi ni sili za valvu. Ukija kila unapokanyaga mafuta, hizo ni ringi, yaani ndugu wa gari langu. Watoe plagi wakuonyeshe: ncha ikiwa imelowa oili, hapana. Wakikataa kutoa plagi, hapana vilevile.

Kuna mambo mengine watu wanaogopa bure. Mngurumo ukipanda na kushuka gari likiwa limesimama, mara nyingi ni uchafu kwenye throto au sensa ya hewa, inasafishwa. Inakosa silinda moja? Kila plagi ina koili yake, unabadilisha iliyokufa, mnaendelea. Hayo usiyaache yakuharibie biashara, yatumie kushusha bei. Passo nayo umeniuliza. Ile ya cc 996 ni silinda tatu, inatetemeka kidogo ikisimama, mafuta hainywi, ila ni ya mjini. Usinipeleke nayo Saranda na matenga yako.

Nimeongea na Sudi. Anasema hata hilo langu, likishuka hadi milioni tano, ukafunga injini nyingine, linaweza kuwa gari. Sikushauri wala sikukatazi. Lakini ukichukua njia hiyo, injini tunachangia, na sisemi kwa kukufurahisha. Laki nane ninazo, nyingine baada ya kuuza zabibu.

Sasa niambie. Umeshatoa kishika uzembe, yaani malipo ya awali? Kiasi gani, na umempa nani, yule mrefu mwenye kofia au kijana wake? Kuna karatasi mliyoandikishana? Mama Salma anajua, au pesa ni zile za alizeti ambazo hazikutakiwa kuguswa? Na kama ulishafika ukaomba uliendeshe, walikuruhusu au walikupigia honi tu? Mguu wa mzee unaendeleaje, anaweza kukunja goti? Na kweli Ezekieli anaoa, au ni maneno ya kijiweni?

Kesho asubuhi nipo nyumbani hadi saa nne. Piga, nitapokea.

Yohana