Kabla ya kununua seva mpya, iulizeni hifadhidata

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zenu nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba programu ya depo yake ya dawa hapa Lubumbashi huchelewa mno kumtafuta mteja mmoja kwa namba ya simu, ilhali fundi alikwisha kuweka faharasa (orodha iliyopangwa ya kuharakisha utafutaji) kwenye safu ya namba hizo, na kwamba sasa anashauriwa kununua seva yenye nguvu zaidi. Fedha hizo azishike kwanza.

Hifadhidata haiachi faharasa kwa ukaidi. Kabla ya kutekeleza ulizo, yaani ombi la kutafuta data, hukadiria gharama za njia zilizopo na kuchagua inayoiona nafuu. Fundi akitanguliza neno EXPLAIN mbele ya ulizo, ataonyeshwa njia hiyo. Katika MySQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, akikuta ALL kwenye safu ya type ya matokeo hayo, ajue kwamba jedwali zima linasomwa.

Kwa kuwa shida iko kwenye namba za simu, ningeanza kushuku aina ya data. Namba zetu huanza na sifuri, kwa hiyo huhifadhiwa kama maandishi, na ndivyo inavyopasa. Sasa mwandishi wa programu akiandika simu = 0991 bila alama za kunukuu (nimeifupisha namba kwa mfano), MySQL hulinganisha kwa hesabu, na kwa hesabu maandishi '0991', '991' na '00991' yote ni kitu kimoja. Katika faharasa, iliyopangwa kwa mfuatano wa herufi, matatu hayo yamekaa mahali tofauti, hivyo haiwezi kutumika kufikia jibu moja kwa moja, na kila mstari hulazimika kugeuzwa na kukaguliwa. Dawa yake ni alama mbili za kunukuu tu. PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, ingelikataa ulizo hilo papo hapo, na mimi naupenda ukali huo.

Yanayofanana na hayo ni kuizungushia safu fomula, kama LOWER(jina) inayogeuza herufi kuwa ndogo, au kutafuta kwa LIKE inayoanza na alama ya asilimia, yaani bila kutaja mwanzo wa neno: hapo pia mpangilio wa faharasa hausaidii.

Hata hivyo, mara nyingine hifadhidata ina haki. Jiji letu lina komini 7. Ikiwa theluthi ya wateja wanakaa Katuba, mojawapo ya komini hizo, na unawatafuta wote, kurukaruka kati ya faharasa na jedwali kwa kila mmoja wao ni ghali kuliko kulisoma jedwali lote kwa mfululizo, na anayelazimisha faharasa itumike, kwa amri ya FORCE INDEX, anajiongezea kazi. Lakini makadirio ya hifadhidata hutegemea takwimu inazoziweka kuhusu jedwali, nazo huweza kuwa zimepitwa baada ya data nyingi kuingizwa kwa mkupuo. Amri ya ANALYZE TABLE huzihuisha.

Namshauri basi msomaji huyo amtake fundi wake amwonyeshe matokeo ya EXPLAIN na kumweleza kila mstari wake. Hadi hapo, ankara ya seva isubiri.

Mtengenezaji wa programu,
Kampemba, Lubumbashi