Vita Baridi havikuanzia kwenye Ukuta wa Berlin

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu ujana wangu na sijawahi kukuandikia. Safari hii kunyamaza kumenishinda. Ile makala yenu imesema Vita Baridi, ule uhasama wa Marekani na Urusi, vilianza 1961, Ukuta wa Berlin ulipojengwa. Si kweli hata kidogo.

Februari 1945 Roosevelt wa Marekani, Churchill wa Uingereza na Stalin wa Urusi walikaa meza moja kule Yalta kwa kuwa Hitler alikuwa hajaanguka. Alipoanguka, cha kuwaunganisha kikaisha. Kufika mkutano wa Potsdam, Ujerumani, Julai, Roosevelt amekwishafariki, Truman aliyemrithi ana bomu la atomiki, na majeshi ya Stalin yamekalia Ulaya Mashariki. Stalin, ambaye nchi yake ilipoteza watu wapatao milioni 27, alitaka serikali tiifu mpakani kwake. Wenzake wakaona anameza nchi za watu. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa! Machi 1947 Truman akaliomba Bunge lake dola milioni 400 za kuzisaidia Ugiriki na Uturuki zisiangukie kwa wakomunisti. Juni 1948 Stalin akafunga barabara na reli za kwenda Berlin Magharibi, sehemu ya mji iliyoshikwa na nchi za Magharibi, watu wakawa wanaletewa chakula na makaa ya mawe kwa ndege karibu mwaka mzima. Aprili 1949 ikaundwa NATO, umoja wa kijeshi wa Marekani na wenzake. Ukuta wenu uko wapi hapo?

Mjukuu wangu wa kidato cha nne aliandika 1961 kwenye jaribio, akapewa vema. Nilipokwenda shuleni kuuliza, mwalimu akanitolea gazeti lenu: "Mzee, si imeandikwa?" Nilirudi nyumbani nimefura. Lakini mwalimu naye afanyeje, ikiwa darasa zima linagombania kitabu kimoja cha historia, tena kisicho na jalada? Kila mwaka tunaahidiwa vitabu, na kila mwaka gazeti ndilo linalofanywa kitabu.

Na sisi wa Kigoma ugomvi huo hatukuusoma tu. Aprili 1965 Che Guevara, mwanamapinduzi wa Kuba ya kikomunisti, alivuka ziwa kutoka hapa kwenda kupigana Kongo, dhidi ya serikali iliyoungwa mkono na Wamarekani, na Novemba akarudi hapa hapa.

Sahihisheni kosa hilo ukurasa wa mbele, si kwenye kona ya matangazo ya vifo. Pia chapisheni, kwa ukubwa wa nusu ukurasa, ramani ya Ujerumani ya 1945 iliyogawanywa kanda nne, Berlin ionekane ndani ya kanda ya Urusi, walimu waikate na kuibandika darasani. Fanyeni hivyo kabla ya Novemba, watoto wanaingia kwenye mtihani wa taifa.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma