Nani kasema nyanyangu hakuwa na kazi?

Mhariri,

Kuna neno moja kwenye karatasi za kifo cha nyanyangu ambalo limenikaa kooni tangu mwezi wa Rajabu. Alifariki alfajiri, kitandani pake, na kwa desturi yetu ilibidi azikwe siku hiyohiyo. Kufikia saa nne nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya karani mmoja nikitafuta kibali cha mazishi. Akauliza jina, akauliza umri, akauliza kazi. Nikamjibu kuwa marehemu alikuwa akipika mahamri. Hakuinua kichwa. Akaandika: "Hana." Maiti alikuwa ameshaoshwa, gari la kwenda makaburi ya Lang'ata lilikuwa likingoja njiani, nami sikuwa na nguvu za kubishana. Nikachukua karatasi nikaenda. Leo ninazo.

Basi nieleze hiyo "hana" ilikuwa ikianza saa ngapi. Ilianza usiku, baada ya sala ya isha. Unga wa ngano, sukari, hamira, iliki iliyotwangwa palepale, na tui la nazi aliyoichagua mwenyewe sokoni Marikiti kwa kuitikisa sikioni. Maji hakutia hata tone. Iliki alikuwa hapimi, anamwaga tu, ndiyo maana Majengo nzima ilimwita Nyanya Iliki na wengine hawakujua kama ana jina jingine. Akimaliza kukanda hulifunika beseni kwa kanga mbili na blanketi. Julai, baridi ya Nairobi ikikaza, beseni lililala kitandani naye, sisi wajukuu tukalala chini kwenye mkeka. Tulilalamika. Akasema: "Nyinyi mkipata baridi mtaamka. Unga ukipata baridi hauamki."

Saa kumi jiko limewaka. Mbaazi zililowekwa tangu jana zimeshachemka, karai iko motoni, na adhana ya msikiti wa Riyadha ikitoka inalikuta sinia la kwanza tayari liko mezani. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo yenye kifuniko hadi soko la Gikomba kabla ya kwenda shule. Wateja wetu walikuwa wasukuma mikokoteni, wapasuaji wa marobota ya mitumba na mafundi wa chuma ambao mikono yao myeusi ilitia alama kila kitu isipokuwa hamri, kwa sababu Nyanya alinifundisha kulishika kwa kipande cha gazeti. (Samahani, Mhariri. Gazeti lenu lilitumika sana.)

Umri nao waliuandika vibaya, ila hapo simlaumu karani, alinakili kitambulisho. Kitambulisho kinasema 1940. Haiwezekani. Nyanya alizaliwa Pangani ya zamani, kile kijiji kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 wenyewe wakapelekwa Shauri Moyo, na mamake alimwambia kuwa siku ya kuhama alikuwa anatembea kwa miguu yake, kashika pindo la kanga. Alipenda kusimulia kuwa mtaa ule uliitwa Shauri Moyo kwa sababu watu waliambiwa ukitaka nenda, usipotaka shauri ya moyo wako. Kisha anacheka: "Na nyumba yako ishavunjwa!"

Aprili 1954, enzi za Mau Mau, Waingereza walipouzingira mji mzima kuwasaka Wakikuyu, Waembu na Wameru, yeye alikuwa mwari. Alisema walimvisha jirani yao Mkikuyu buibui la mamake wakamkalisha ukumbini akichambua mchele, na askari akapita. Hadithi hiyo hakuisimulia kwa majivuno. Kilichomkera hadi uzeeni ni kwamba yule mama alichambua mchele vibaya, wakala mawe siku mbili.

Babu alikuwa mtu wa reli. Alifariki 1968 akamwacha na watoto watano, wa mwisho angali ananyonya. Hapo ndipo jiko lilipowashwa. Hamri moja lilikuwa peni, yaani senti kumi. Tangu siku hiyo Nyanya alihesabu historia ya nchi hii kwa bei ya hamri. Ukimuuliza jambo lilitokea lini, hakutajii mwaka. Anakwambia, "Hamri lilikuwa thumuni." Alipougua lilikuwa shilingi kumi, na kila kupanda kwa bei alikutangaza mwenyewe kwa wateja, amesimama, kama waziri anayesoma bajeti, akieleza unga umefika ngapi na mafuta ngapi, kisha anaomba radhi.

Jumapili ya 1 Agosti 1982 watu waliamka wakasikia redioni sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyelazimishwa na wanajeshi, ikitangaza kuwa serikali imepinduliwa. Risasi zikalia mjini. Majengo ikajifungia. Mamangu asema Nyanya alisikiliza hadi mwisho, akazima redio, akaendelea kusukuma unga. "Unga ukishaumuka haujui mapinduzi." Akakaanga yote, akagawa chumba hadi chumba bila senti. Ndiyo siku pekee, asema mama, alipopata hasara huku akiimba.

Maana kuimba aliimba. Harusi ya Majengo bila yeye kwenye ngoma ya lelemama haikuhesabiwa. Magoti yalipomsaliti akawa anacheza akiwa kitini, mabega peke yake, na bado vijana walimtunza pesa. Kwenye mpira alikuwa Ingwe wa kufa, yaani shabiki wa AFC Leopards. Mtu wa Gor Mahia hakukopeshwa Jumatatu. Lakini Gor walipobeba Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987 kule Kasarani, aliwauzia kwa nusu bei asubuhi moja, akasisitiza kuwa ni kwa ajili ya Kenya, si kwa ajili yao.

Karani yule labda atasema kazi ni ile yenye barua na mshahara. Sawa. Basi anieleze mkebe wa mafuta ya Kimbo tulioukuta chini ya kitanda, umejaa tikiti za ushuru wa sokoni, nyingine zimefifia wino. Kila siku aliyouza alikatiwa tikiti, akalipa. Mtu hutozwaje ushuru wa kazi ambayo hana? Mamangu ni muuguzi aliyestaafu, mjomba alikuwa mwalimu, na kwenye fomu zao zote kazi imeandikwa waziwazi. Karo yao ililipwa na nani, kama si na hiyo "hana"?

Tena kuna daftari. Nyanya alisoma chuo cha Kurani akajua hati ya Kiarabu. Hizi herufi za kizungu alizijua tarakimu tu. Madeni yote aliyaandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na kwa kuwa majina ya watu hakuyauliza, aliandika sura zao: "yule wa mkokoteni anayecheka", "mume wa yule mnene", "kijana wa miwani, mwongo". Siku ya hitima shangazi aliyasoma kwa sauti, na watu waliokuwa wakila pilau wakaanza kujitambua. Mmoja alipinga kuitwa mwongo, akalipa lakini.

Baada ya siku chache akaja mzee kutoka Shauri Moyo na shilingi mia mbili. Alisema alikula mahamri ya Nyanya kwa wiki mbili alipofiwa na mkewe, akaona haya kurudi. Tukalipekua daftari. Tulimkuta ukurasa wa nyuma kabisa, "mrefu, kofia ya sufu", amekatwa mstari, na pembeni maneno mawili: "Msiba. Nimesamehe." Mzee alikataa kuzirudisha pesa mfukoni. Tukamwekea mahamri kwenye karatasi.

Juzi nilirudi afisini na daftari chini ya kwapa. Nilimkuta karani mwingine, binti mdogo, mwenye adabu. Alilifunua, akalitazama kwa muda, akaniambia neno lile linaweza kusahihishwa nikileta hati ya kiapo. Akaniuliza tuandike mpishi au mfanyabiashara. Nimempa siku tatu za kunisubiri kwa sababu nyumbani hatujakubaliana. Shangazi anataka yote mawili.

Wakati tukishauriana, nina ujumbe kwa "mwenye koti la kijani, stendi ya Machakos", ikiwa bado husoma magazeti. Unadaiwa mahamri kumi na manne na sahani mbili za mbaazi. Wewe mstari wako haujakatwa. Jiko liko palepale, shangazi ndiye anayekanda sasa, na iliki bado haipimwi.

Mjukuu wa Nyanya Iliki,
Fundi wa nguo, Majengo, Nairobi